Toa mipangilio ya Wi-Fi ya ofisi kwa netsh kabla ruta haijafa

Ruta ya ofisi iliyo karibu na bahari haidumu. Hewa ya chumvi inakula soketi, stima inakatika na kurudi kwa kishindo, na asubuhi moja taa haziwaki tena. Hapa Lamu, ikiwa aina unayoitaka haipo madukani, ruta mpya itapanda basi kutoka Mombasa, ishukie Mokowe, ivuke kwa boti, kisha ibebwe mkononi kupitia vichochoro mpaka mlangoni. Ikishafika ndipo maswali yanapoanza. Ile ya zamani ilikuwa na jina gani hasa? Paswadi gani? Ulinzi wa aina gani? Aliyeifunga ameshahama. Kibandiko cha chini kimefifia, na hata kikisomeka, kina paswadi ya kiwandani ambayo ilibadilishwa siku nyingi.

Wengi hapo hukata shauri la haraka: wanaipa ruta mpya jina jipya na paswadi mpya. Halafu inaanza kazi ya kuzunguka na kifaa kimoja kimoja. Printa ina vitufe vitatu na skrini ndogo isiyotaka kuandika herufi kubwa. Kamera za ngazini haziwezi kupangwa upya bila kupanda na kuzishusha. Tableti ya mapokezi, laptopu za wafanyakazi, runinga ya ukumbini, vyote vinasubiri zamu. Jua linatua na nusu ya vifaa bado viko nje ya mtandao.

Kazi hiyo yote inaepukika. Kifaa cha Wi-Fi hakitambui ruta kwa sura yake. Kinatambua jina la mtandao, paswadi na aina ya ulinzi. Ukiipa ruta mpya vitu hivyo vitatu vile vile vilivyokuwa, vifaa vingi vitaingia vyenyewe bila kuguswa. Na vyote vitatu tayari vimehifadhiwa ndani ya kila laptopu ya Windows iliyounganishwa na mtandao huo. Kinachovitoa ni amri ya netsh, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe. Haipakuliwi wala haihitaji intaneti, jambo kubwa sana siku ambayo intaneti ndiyo iliyokufa. Tafadhali usihangaike na zile programu za bure zinazojitangaza kuwa zinafichua paswadi za Wi-Fi. Nyingine zimejaa virusi, na zilizo safi zinafanya kazi ile ile ambayo amri moja inaifanya.

Nitakaa zaidi kwenye Windows kwa sababu ndiyo iliyojaa ofisini. Ubuntu na Mac nitazigusa mwishoni.

Ruhusa kwanza

Paswadi ya ofisi ni mali ya ofisi. Kabla ya kugusa chochote, mwambie mwenye mamlaka unachotaka kufanya na kwa nini, naye akubali, ikiwezekana kwa maandishi mafupi. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, inayofanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nayo inakuhusu kwa sababu laptopu ya mfanyakazi ina kumbukumbu zake binafsi, kama utakavyoona tukifika kwenye orodha ya mitandao. Fundi mwenye heshima anafanya kazi hii mwenye laptopu akiwa amekaa pembeni yake.

Kufungua kidirisha cha amri

Chagua laptopu iliyounganishwa na Wi-Fi ya ofisi sasa hivi, na mtandao unafanya kazi. Hili lina maana. Windows huhifadhi paswadi ya mwisho iliyoandikwa humo, hata kama ruta ilibadilishwa baadaye na laptopu ile haijaunganishwa tena. Laptopu iliyolala kabatini mwaka mzima inaweza kukupa paswadi iliyokwisha kazi, nawe ukaamini umepata. Iliyounganishwa sasa haiwezi kukudanganya.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha bofya kwa upande wa kulia wa kipanya juu ya Command Prompt na uchague Run as administrator. Windows itauliza kama unakubali, jibu Yes. Ikikuomba paswadi ya msimamizi ambayo huna, simama hapo uende kwa aliye nayo. Kidirisha cheusi kitafunguka, na mara nyingi mstari wake wa kwanza huonyesha `C:\Windows\System32>`. Ukiona njia ya mtumiaji, mfano `C:\Users\...`, huenda umefungua bila uwezo wa msimamizi. Funga, anza upya.

Mtandao upi, na uko katika hali gani

Andika:

```
netsh wlan show interfaces
```

Utapata mistari mingi. Hii ndiyo ya kuangalia, kwa mtandao wa mfano nitakaouita Amu-Ofisi:

```
Name             : Wi-Fi
State            : connected
SSID             : Amu-Ofisi
Radio type       : 802.11n
Authentication   : WPA2-Personal
Cipher           : CCMP
Channel          : 6
Signal           : 58%
Profile          : Amu-Ofisi
```

SSID ni jina la mtandao kama linavyorushwa hewani. Profile ni jina ambalo Windows imelipa kumbukumbu yake ya mtandao huo. Kwa kawaida hufanana, ila si kila mara: ukikutana na SSID ya `Amu-Ofisi` na Profile ya `Amu-Ofisi 2`, ujue laptopu ilishawahi kuona jina hilo likiwa na mipangilio tofauti, ikaamua kufungua kumbukumbu ya pili. Amri zote zinazofuata zinataka jina la Profile. Ruta mpya itataka lile la SSID. Andika yote mawili.

Authentication ndiyo aina ya ulinzi. Ofisi nyingi ndogo zina WPA2-Personal, na Cipher (njia ya kufumba data) ya CCMP, ambayo kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, ule unaofunguliwa kwa kivinjari, huitwa AES. Ikiwa imeandikwa WPA2-Enterprise, ruka mpaka sehemu ya mitandao ya taasisi huko chini, kwa maana hakuna paswadi moja ya kutoa.

Channel inakuambia uko kwenye masafa gani. Namba kuanzia 1 hadi 13 ni za gigahezi 2.4, kuanzia 36 kwenda juu, kwa ruta za kawaida, ni gigahezi 5. Windows 11 huongeza mstari wa Band unaolitaja jambo hilo moja kwa moja. Usilipuuze. Nyumba za mji wa kale hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya gigahezi 5 yakipiga ukuta wa namna ile yanachoka upesi, wakati ya 2.4 yanapenya vizuri kidogo. Isitoshe, printa na kamera nyingi za bei nafuu zinajua 2.4 peke yake. Ukifunga ruta mpya yenye 5 tu, hata jina na paswadi zikiwa sawasawa, kamera hazitaiona.

Kwa kuwa amri umeshaijua, beba laptopu, zunguka nayo chumba hadi chumba na uirudie kila ukisimama. Angalia mstari wa Signal. Andika chumba na asilimia yake. Karatasi hiyo itakusaidia kuamua ruta mpya ikae wapi, na mara nyingi jibu si pale ilipokuwa ya zamani, juu ya kabati karibu na dirisha la baharini ambako hewa ya chumvi inaingia.

Mambo mawili yanaweza kukukwamisha hapa. Ukiambiwa `The Wireless AutoConfig Service (wlansvc) is not running`, huduma ya Wi-Fi imezimwa. Iwashe kwa `net start wlansvc` na urudie. La pili limekuja na toleo la 24H2 la Windows 11: amri hii inakataa na kudai ruhusa ya mahali, kwa sababu kuorodhesha mitandao iliyo karibu kunaweza kufichua kompyuta iko wapi. Ingia Settings, kisha Privacy & security, kisha Location, uwashe, ufanye kazi yako, na ukimaliza uizime tena kama mwenye laptopu alikuwa ameizima.

Orodha ya mitandao iliyohifadhiwa

```
netsh wlan show profiles
```

Hapa itatokea orodha ya kila mtandao ambao laptopu imewahi kuukumbuka. Juu kuna sehemu ya Group policy profiles, yaani mitandao iliyowekwa na taasisi kutoka makao makuu. Kwa ofisi ndogo huwa tupu. Chini ni User profiles, na humo ndimo utakapouona mtandao wa ofisi.

Utaona na mengine. Wi-Fi ya nyumbani kwa mfanyakazi, ya nyumba ya wageni aliyolala Malindi, ya simu ya ndugu yake. Hayo si yako. Najua kuwa netsh inaweza kutoa mitandao yote kwa mkupuo mmoja usipotaja jina, na kuna miongozo inayofundisha hivyo kama njia ya mkato. Usiifuate. Kukusanya paswadi za majumbani mwa watu kwenye flashi yako, hata bila nia mbaya, ni kuvunja amana, na siku flashi ikipotea wewe ndiye utakayeulizwa. Taja jina la mtandao wa ofisi, huo peke yake.

Kusoma paswadi

Sasa amri yenyewe:

```
netsh wlan show profile name="Amu-Ofisi" key=clear
```

Alama za nukuu (" ") ni lazima ikiwa jina lina nafasi katikati, na si vibaya kuziweka kila mara. Majibu yamegawanyika sehemu kadhaa. Teremka hadi Security settings:

```
Authentication   : WPA2-Personal
Cipher           : CCMP
Security key     : Present
Key Content      : (paswadi inaonekana hapa)
```

Key Content ndiyo paswadi. Ukisahau kuandika `key=clear`, utaona tu kwamba paswadi ipo, bila kuonyeshwa. Security key ikisema Absent, mtandao hauna paswadi kabisa au ni wa taasisi.

Kunakili kwa macho ndiko kunakoharibu kazi. Paswadi za WPA2 zina herufi 8 hadi 63, na kubwa na ndogo ni tofauti. Sifuri na O kubwa, namba moja na l ndogo na I kubwa, hivi vinachanganywa kila siku. Njia salama ni kuchagua maandishi kwenye kidirisha kwa kipanya, kubonyeza Enter ili yanakiliwe, na kuyabandika Notepad. Kama ni lazima usomewe kwa simu na mtu aliye ofisini wewe ukiwa ng'ambo ya maji, usikubali asome mfululizo. Mazungumzo yaende hivi:

– Dada, herufi ya nne ni O kubwa au sifuri?
– Ni ya mviringo.
– Ina mkwaju ndani yake au iko wazi?
– Ina kistari katikati.
– Basi ni sifuri. Tuendelee na ya tano.

Mwandiko wa kawaida wa kidirisha cha amri huchora sifuri yenye kistari au nukta ndani ili isichanganywe, kwa hiyo swali hilo lina jibu. Ukimaliza, msomee yeye ulichoandika toka mwanzo.

Anwani za ndani

Wengi wakishapata paswadi hudhani wamemaliza, kisha ruta mpya inawashwa, laptopu zote zinaingia, na printa haionekani. Sababu ni anwani, yaani namba inayokitambulisha kila kifaa ndani ya mtandao. Andika:

```
ipconfig /all
```

Tafuta sehemu ya Wireless LAN adapter Wi-Fi. Nakili Default Gateway, ambayo ni anwani ya ruta; Subnet Mask; DNS Servers; na angalia kama DHCP Enabled ni Yes, yaani laptopu hupewa anwani yake na ruta yenyewe. Tuseme ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1 na printa ilipewa anwani ya kudumu, 192.168.1.50. Ruta mpya ikija na anwani ya kiwandani ya 192.168.0.1, printa itaunganishwa na Wi-Fi vizuri kabisa lakini iwe mtaa mwingine, na hakuna kompyuta itakayoifikia. Dawa ni kuingia kwenye ruta mpya na kubadilisha anwani yake ya ndani iwe ile ya zamani, kabla hujaunganisha kitu kingine.

Ili kujua ni vifaa gani vilivyo kwenye mtandao na anwani zake, chapisha ukurasa mmoja kutoka kwa laptopu hiyo ili iongee na printa, kisha andika:

```
arp -a
```

Utapata anwani za vifaa ambavyo laptopu imezungumza navyo karibuni, kila kimoja na anwani yake ya kimaumbile, zile jozi sita za herufi na namba. Si vifaa vyote vitakuwemo, ila printa itakuwemo. Kama ruta ya zamani ilikuwa na orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, jozi hizo utazihitaji tena. Za laptopu yenyewe hutolewa na `getmac /v`.

Ikiwa hutaki kuandika kwa mkono, elekeza majibu kwenye faili:

```
mkdir C:\wifi
ipconfig /all > C:\wifi\anwani.txt
arp -a > C:\wifi\vifaa.txt
```

Kuhamisha mipangilio kwenye faili

Hatua hii inafaa zaidi pale ambapo ofisi ina kompyuta kadhaa, au inatarajia kuleta mpya, au hutaki kila mfanyakazi aijue paswadi. Folda ya `C:\wifi` lazima iwe imeshatengenezwa, la sivyo amri itakataa:

```
netsh wlan export profile name="Amu-Ofisi" folder=C:\wifi key=clear
```

Litazaliwa faili liitwalo `Wi-Fi-Amu-Ofisi.xml`. Bila `key=clear` faili linatoka, lakini paswadi iliyomo imefungwa kwa ufunguo wa kompyuta ile ile, na ukilipeleka kwingine halitakufaa. Na kama kidirisha hukukifungua kwa uwezo wa msimamizi, hata ukiandika `key=clear` usitegemee paswadi iliyo wazi.

Lifungue kwa Notepad ulione. Sehemu za maana ni hizi:

```
<SSID>
    <hex>416D752D4F66697369</hex>
    <name>Amu-Ofisi</name>
</SSID>
...
<authentication>WPA2PSK</authentication>
<encryption>AES</encryption>
...
<protected>false</protected>
<keyMaterial>paswadi iko hapa</keyMaterial>
```

Mstari wa hex unastahili dakika yako moja. Ni jina la mtandao lililoandikwa kwa msimbo, kila herufi jozi moja: 41 ni A kubwa, 6D ni m ndogo, 75 ni u, 2D ni kistari, na kuendelea. Sasa tazama mwisho wa mstari. Ukiishia na 69, jina linaishia na herufi i na mambo ni shwari. Ukiishia na 20, kuna nafasi tupu baada ya jina. Aliyepanga ruta ya zamani aligusa kibonyezo cha nafasi bila kujua, na tangu siku hiyo vifaa vyote vimekariri jina lenye nafasi mwishoni. Machoni `Amu-Ofisi` na `Amu-Ofisi ` ni kitu kimoja. Kwa printa ni mitandao miwili isiyojuana. Utaandika jina kwenye ruta mpya, utahakiki paswadi, na bado hakuna kinachoingia. Hakuna mahali pengine ambapo tatizo hilo linajitokeza wazi kama kwenye mstari huo wa hex. Vivyo hivyo kwa alama za ritifaa zilizopinda na herufi kubwa zilizojificha.

`<protected>false</protected>` inathibitisha kwamba paswadi iko wazi. Ukiona true, hukuipata.

Kuiweka kwenye kompyuta nyingine

Chukua faili kwa flashi, nenda kwenye kompyuta inayofuata, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, na uandike, ukibadilisha E: kulingana na flashi yako:

```
netsh wlan add profile filename="E:\Wi-Fi-Amu-Ofisi.xml" user=all
netsh wlan connect name="Amu-Ofisi"
```

`user=all` inafanya mtandao upatikane kwa yeyote atakayeingia kwenye kompyuta hiyo; ukiandika `user=current` utakuwa wa mtumiaji huyo tu. Kwa kompyuta ya mapokezi inayotumiwa kwa zamu, chagua all. Kama kulikuwa na kumbukumbu ya zamani yenye paswadi isiyofaa, iondoe kwanza:

```
netsh wlan delete profile name="Amu-Ofisi"
```

Mara kompyuta zote zikiisha, futa faili, kwenye diski na kwenye flashi pia:

```
del C:\wifi\Wi-Fi-Amu-Ofisi.xml
del E:\Wi-Fi-Amu-Ofisi.xml
```

Naomba hili lisichukuliwe kama urembo. Faili lile ni paswadi ya ofisi kwa maandishi ya kawaida. Asiyejua kitu chochote cha kompyuta anaweza kulifungua. Usilitume kwenye kundi la WhatsApp la kazi, ambamo walioacha kazi bado wamo. Andika jina, paswadi, aina ya ulinzi na anwani ya ruta kwenye karatasi moja, weka tarehe, ifungie kwenye droo au sefu ya ofisi. Karatasi iliyofungiwa haihitaji stima.

Siku ruta mpya inapofungwa

Ingia kwenye ukurasa wa ruta mpya. Badilisha anwani ya ndani iwe ya zamani. Andika SSID vile vile, herufi kwa herufi, paswadi vile vile, na uchague WPA2-Personal yenye AES. Ruta za sasa nyingi zinakuja na WPA3, aina mpya zaidi ya ulinzi. Ukichagua WPA3 pekee, kamera na printa za miaka ya nyuma zitabaki nje, kwa hiyo baki na WPA2-Personal, au chagua hali mchanganyiko ya WPA2 na WPA3 ikiwa ipo. Hakikisha masafa ya 2.4 yamewashwa.

Kuna vitu viwili ambavyo netsh haitakupa hata ukiiomba vipi. Kimoja ni paswadi ya kuingilia ukurasa wa ruta yenyewe, ambayo ni tofauti na ya Wi-Fi. Kingine ni jina na paswadi ambazo baadhi ya kampuni za intaneti hutoa ili ruta ijitambulishe kwao. Hivyo vilikaa ndani ya ruta, havikuwahi kufika kwenye laptopu. Vya kampuni viombe kwao mapema, wakati ruta ya zamani bado inapumua.

Iko hali moja ambayo sishauri kurudisha paswadi ya zamani: ikiwa mtu ameondoka kwa ugomvi, au paswadi imeshasambaa hadi barazani. Hapo weka mpya na ukubali kuzunguka. Kwa kompyuta utapunguziwa kazi, maana unaingiza paswadi mpya kwenye moja, unatoa faili, unalipeleka kwa nyingine kama tulivyofanya.

Mitandao ya taasisi

Katika benki, hospitali kubwa au ofisi za serikali utakuta WPA2-Enterprise. Humo kila mtu ana jina na paswadi yake, au kompyuta ina cheti, na mlinzi wa mlango ni seva iliyo kwingine. `key=clear` haitaonyesha kitu, na kwenye XML utaona `<useOneX>true</useOneX>`. Si kosa la amri. Kazi hiyo ni ya idara ya teknolojia ya taasisi yenyewe. Wapelekee matokeo ya `netsh wlan show interfaces` na uwaachie.

Ubuntu na Mac

Kwenye Ubuntu, fungua terminali, yaani kidirisha chake cha amri. `nmcli connection show` inakupa orodha, na paswadi ya mtandao mmoja unaipata hivi:

```
sudo nmcli -s -g 802-11-wireless-security.psk connection show "Amu-Ofisi"
```

Matoleo mapya yana amri tamu zaidi, `nmcli device wifi show-password`, ambayo pamoja na paswadi inachora msimbo wa QR pale pale kwenye terminali. Simu ya mgeni inauelekezea kamera na kuingia bila mtu kutamka herufi hata moja. Simu za Android kuanzia toleo la 10 nazo zinatoa msimbo kama huo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, njia nzuri kwa ofisi isiyo na kompyuta.

Kwenye Mac:

```
security find-generic-password -wa "Amu-Ofisi"
```

Itakuomba idhini ya mwenye kompyuta, kisha itaandika paswadi peke yake mstari wa chini. Orodha ya mitandao hutolewa na `networksetup -listpreferredwirelessnetworks en0`. Kama kadi ya Wi-Fi haiitwi en0, jina lake sahihi liko kwenye `networksetup -listallhardwareports`.

Ikikataa

`Profile "Amu-Ofisi" is not found on the system` inamaanisha jina ulilotaja halilingani na lililohifadhiwa. Rudi kwenye `show profiles` ulinakili kutoka pale badala ya kuliandika. `There is no wireless interface on the system` hutokea kwenye kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya Wi-Fi, inayotumia waya, hivyo tafuta laptopu. Ikiwa mtandao umeunganishwa lakini watu wanalalamika unakatika, andika `netsh wlan show wlanreport` ukiwa msimamizi. Windows itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita na kukuonyesha ilipoihifadhi; ifungue kwa kivinjari, uangalie saa ambazo laptopu ilitupwa nje na sababu iliyoandikwa. Saa hizo zikilingana na za kukatika kwa stima, ruta si tatizo. Nunua betri ndogo ya akiba ya kuilisha ruta kabla hujanunua ruta nyingine.